Aliyepalilia Upande wa Pili

Kwanza naomba mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika jembe mara nyingi kuliko kalamu. Naandika polepole: mstari mmoja, kisha napumzisha vidole, kisha mwingine. Mkikuta neno limepinda, linyoosheni wenyewe mwendelee mbele.

Tangu utotoni nilikuwa mtu wa haya. Mwalimu akiniuliza swali nililolijua, nilitazama vidole vya miguu mpaka akamwuliza mwingine. Watu walinisifu kwamba binti huyu ana adabu, nami nikaamini kuwa ni adabu. Mwanangu unayesoma, haya ni nguo nzuri, lakini zipo siku ambazo nguo hiyo hugeuka gunia lililofungwa mdomo, nawe umo ndani.

Ipo asubuhi moja isiyonitoka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeolewa kijiji kimoja jirani na Ipinda, huku Kyela, nina mtoto wa kiume wa miezi minane aitwaye Gwamaka. Nilifungua mlango wa nyumba yetu ya mianzi nikakuta mkungu wa ndizi umeegemezwa ukutani, chini ya paa. Umande ulikuwa bado juu yake. Nilitazama huku na huku, hapakuwa na mtu.

Mkungu ule ulikuja siku ambayo sikuwa na kitu cha kuweka chunguni. Zilikuwa siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Zamani mpunga wetu ulipelekwa kwenye ushirika, basi. Sasa malori yalikuja mpaka uani kwa mtu, na kila kijana aliona barabara imefunguliwa kwa ajili yake. Mume wangu, Ambakisye, alipakia magunia yetu kwenye lori baada ya mavuno, akapanda juu yake, akaniambia, “Miezi miwili tu, Mama Gwamaka. Nitarudi na mabati ya nyumba.” Miezi miwili ikapita, ikawa mitano, ikawa saba. Hakuna barua wala salamu. Mmoja alisema amemwona Tunduma akiuza mitumba, mwingine alisema amevuka mpaka, mwingine alimwona Mbeya amenenepa. Kila mtu alikuwa na Ambakisye wake, isipokuwa mimi.

Mama yangu alituma neno kutoka Ipyana: “Rudi nyumbani, utafia huko.” Lakini kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Ningerudi Ipyana, ningerudi mgongo mtupu. Gwamaka angechukuliwa na mmojawapo wa shangazi zake walioolewa mbali, nami ningemsikia kwa wapita njia tu. Kilichonishikilia pale ni shamba la mpunga nililolipanda peke yangu. Likikubali, ninakula, ninabaki, ninamlea mwanangu. Likishindwa, ninampoteza. Na lilikuwa linashindwa. Palizi ilikuwa imefika, mvua haikosi hata siku moja, na majani yalikuwa yananipita. Nikipalilia huku mtoto akilia mgongoni, nikigeuka nyuma nakuta nilikoanzia kumeota tena.

Nilikuwa nikiomba. Lakini nikuambie ukweli, sala yangu haikuwa sala, ilikuwa mashitaka. Kila siku nilimwambia Mungu neno lile lile: “Umenisahau. Kama upo, jionyeshe nikuone.”

Ndipo ukaja mkungu wa ndizi. Baada ya siku tatu nikakuta kuni zimepasuliwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Kisha usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, ndani ya jani. Kila mara alfajiri, kila mara bila mtu.

Nilidhani ni Mama Lugano, jirani yangu, kiongozi wa akina mama kanisani. Nilimwendea kisimani nikainamisha kichwa na kumshukuru. Mama Lugano alicheka mpaka maji ya ndoo yakamwagika.

“Mimi? Gwe mwana, mimi nina watoto tisa wanaokula hata maganda! Mkungu wangu utoke nyumbani ukutafute wewe?” Kisha akanitazama kwa jicho la pembeni. “Hizo ni ndizi za mwanamume, mwanangu. Mwanamke akikuletea chakula hupiga hodi, maana anataka umwone. Anayenyata ana lake.”

Wanawake wengine walicheka. Mmoja alisema, “Mwenzetu kapata bwana wa ndizi!” Nilibeba ndoo yangu nikaondoka, na njia nzima masikio yalikuwa yananiwaka moto.

Tangu siku ile kile kilichokuwa riziki kikawa hofu. Mke ambaye mumewe hayupo hulindwa na jina lake tu. Likichafuka, ukoo humrudisha kwao, na mtoto hubaki. Asubuhi iliyofuata nilikuta usipa tena. Mwanangu alikuwa anahitaji mchuzi, maziwa yangu yalikuwa yamepungua. Niliwachukua wale usipa nikawamwagia kuku wa jirani. Nilisimama nikiwatazama wale kuku wakila chakula cha mtoto wangu, na nikaomba: “Mungu, wewe umenisahau, na sasa Shetani ameijua njia ya nyumba yangu.”

Huenda wewe, mwanangu, umekwisha kumtambua aliyekuwa akileta. Mimi sikumtambua, kwa sababu ya jinsi tulivyolelewa. Sharti nikueleze, maana siku hizi mtu hupanda bodaboda moja na baba mkwe wake wakacheka njia nzima. Siku zile ukoo nilioolewa ulikuwa bado unashika mwiko wa zamani: mkamwana haonani na baba mkwe wake. Akisikia anakuja, anaingia migombani au anafunika uso kwa khanga. Hasemi naye, hali mbele yake, halitaji jina lake. Naye baba mkwe akikaribia hukohoa kwanza, ili mkamwana apate nafasi ya kujificha. Baba mkwe wangu aliishi ng'ambo ya migomba yetu. Alikuwa amefiwa na mkewe, na binti zake wote walikuwa wameolewa, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumtuma kwangu. Miaka miwili nilikuwa nimeishi naye jirani, nami sikuujua uso wake. Nilijua kikohozi chake tu, na koti lake refu la rangi ya udongo nililoliona kwa mbali nikiwa nimechuchumaa majanini.

Nilirudi kwa Mama Lugano nikamweleza hofu yangu. Akaenda kwa Mzee Asegelile, mzee wa kanisa, na wakakubaliana kuja kumkamata mtu huyo. Jogoo wa kwanza alipowika walikuwa wamekwisha kuingia katika jiko langu la nje. Mama Lugano alikuwa ameshika mchi wa kinu.

“Nitamtwanga kama mpunga,” alisema.

“Mama Lugano, punguza sauti, utamfukuza,” Mzee Asegelile akamnong'oneza.

“Punguza wewe kukoroma, baba. Tangu tumeingia humu unakoroma kama lori la Kyela linapanda mlima.”

Nami nilikuwa nimekaa mlangoni mwa nyumba, mtoto mapajani, mlango nimeuacha wazi kidogo. Mbingu ilianza kupauka. Nikasikia hatua kwenye majani makavu ya migomba. Zikasimama. Nadhani mwenye hatua aliuona mlango ulivyokuwa wazi, akajua niko macho. Akafanya kile ambacho mtu mwenye heshima hufanya. Akakohoa.

Nilikijua kikohozi kile.

Mwanangu, kati ya kikohozi kile na mtu kutokea uani nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Ningesema “Ni baba” tu, na Mama Lugano angeushusha mchi wake, na mambo yangekwisha kwa kicheko. Sikulisema. Nilifunika uso kwa khanga, kama nilivyofundishwa.

“Leo umepatikana, mwizi wa wake za watu!” Mama Lugano alitoka mbio. Kisha akasimama. Nikasikia mzigo wa kuni ukianguka chini.

Nilitazama kwa tundu la khanga. Baba mkwe alikuwa ametupa kuni, amegeukia shina la mgomba, na amelivuta koti lake juu ya kichwa. Hakulivuta ili asijulikane, maana walikwisha kumjua. Alilivuta ili asinione mimi mlangoni. Hata pale, akiwa amekamatwa kama mwizi, aliutunza mwiko kwa ajili yangu.

“Ndugu yangu,” Mzee Asegelile alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa. “Ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Kwa mkamwana wako? Alfajiri?”

“Ni mimi,” alisema tena.

“Sema basi kilichokuleta. Sema, tukusikie.”

“Kuni.”

“Kuni!” Mama Lugano alidakia. “Kuni zina miguu? Nani alikutuma kuni?”

Hakujibu. Wakati ule sikuelewa kwa nini hakujibu. Nilielewa baadaye, nilipokuwa na akili kidogo: kama angesema “Namlisha mke wa mwanangu,” angekuwa amesema mbele ya watu kwamba mwanawe ametelekeza mke na mtoto wafe njaa. Alichagua kuchafuka yeye ili mwanawe abaki safi.

Mzee Asegelile akaja karibu na mlango wangu, akaniuliza kwa upole kabisa, “Mwanangu, usiogope. Huyu mzee amewahi kukutamkia neno baya? Amewahi kukugusa? Wewe sema tu ndiyo au hapana.”

Baba mkwe alikuwa amesimama hatua kumi kutoka pale, koti kichwani, anasubiri. Nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini mbele ya baba mkwe mkamwana hasemi, hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ilikuwepo sababu nyingine, na hii sijawahi kuiandika: nilijua nikisema “hapana,” wataniuliza, “Mbona basi ulituita?” Na Mama Lugano angecheka, na kisimani wangecheka. Nilikiogopa kicheko. Nikanyamaza. Niliinamisha kichwa, na watu wakalisoma lile kuinama kwa namna yao.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya changu hakikuwa na busara ndani yake, kilikuwa na uoga tu, lakini mshindo wake ulisikika mpaka Ipinda.

Wazee wa kanisa walikaa. Walimtaka ajieleze, hakujieleza. Wakamtenga na meza ya Bwana mpaka atakapofungua kinywa. Kila Jumapili alikuja vilevile, akakaa nje juu ya jiwe, karibu na dirisha, akasikiliza mahubiri kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mimi nilikaa ndani na mtoto wangu, nikaimba. Akipita dukani Ipinda, vijana walikohoa wote kwa pamoja, kisha wakacheka. Wazee wenzake waliacha kumwachia nafasi kwenye benchi. Nayo mambo hayo yote niliyaona au niliyasikia, na kila siku nilijiambia: kesho nitasema. Mwanangu, neno likilala mdomoni siku moja ni jepesi. Likilala wiki, linakuwa jiwe.

Ndizi zilikoma. Kuni zilikoma. Nilichemsha mapapai mabichi, na hata hayo yakaisha. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu kwa vidole: siku ile nilipolia kwamba Mungu amenisahau, nilikula nini? Nilikula ndizi. Na siku niliyosema hanisikii, nilikota moto wa kuni gani? Nilikuwa nimeshiba huku nikilalamika. Nilikuwa nadai Mungu ajionyeshe, na yeye alikuwa amekuja amevaa koti refu la rangi ya udongo, nami nikaitisha watu wamkamate. Nadhani sijawahi kulia kama nilivyolia siku ile, na sikulia kwa njaa.

Mambo yalipofika hapo nilikata tamaa ya shamba. Nikasema nitakwenda mara ya mwisho kuliangalia, kisha nitafunga vitu vyangu nirudi Ipyana, na mtoto wataamua wenyewe. Nilifika jua limekwisha kupanda. Upande wa pili wa shamba, kule mwisho kabisa, niliona mgongo wa mtu umeinama. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye kijiti. Alikuwa anapalilia mpunga wangu, mchana kweupe, karibu na njia ya watu wote.

Aliponisikia hakugeuka. Alikohoa mara moja tu, akaendelea.

Niliingia shambani. Kisha nikamfunga Gwamaka vizuri mgongoni, nikainama, nikaanza upande wangu. Yeye alipalilia akiwa amenipa mgongo, nami nilipalilia nikiwa nimempa mgongo, na mpunga ukasimama katikati yetu. Watu walipita njiani. Mmoja alipaza sauti, “Tazameni, bwana na bibi wako shambani!” Mwingine akakohoa kwa dhihaka. Baba mkwe hakuinua kichwa. Walikwisha kumvua heshima yote, na nadhani aliona kwamba mtu aliyevuliwa nguo zote haogopi tena mvua.

Alikuja kesho yake, na kesho kutwa, na siku zote za palizi ile. Asubuhi alinitangulia, jioni aliondoka kwanza ili nisipate shida ya kujificha. Tulipokaribiana katikati, alifanya kitu ambacho mpaka leo kikinijia nikiwa napika, naweka mwiko chini. Aliacha ukanda mwembamba wa majani, upana wa mkeka, kati ya kazi yake na kazi yangu. Hakutaka tukutane. Alilichukua jembe lake na koti lake akaenda nyumbani, na ukanda ule nikaumaliza mwenyewe. Nikautazama mpunga mzima ulivyokuwa safi, upande mmoja na upande wa pili, bila kujua mpaka uko wapi.

Pale ndipo moyo wangu ulipotulia. Mume hakuwa amerudi. Njaa haikuwa imeisha. Lakini nilijua kwamba sipo peke yangu, na kwamba sikuwahi kuwa peke yangu hata siku moja. Nilipiga magoti topeni, na ile ilikuwa sala yangu ya kwanza isiyo mashitaka. Nilisema “Ndaga, Kyala,” asante Mungu, basi.

Ungedhani mtu aliyefarijiwa hivyo angekimbia siku ileile kwa Mzee Asegelile. Sikukimbia. Nilijiambia, mpunga ukiiva nitavuna wa kwanza, nitaupika, nitampa Mama Lugano ampelekee baba, na hapo ndipo nitakapoeleza yote, maneno na chakula viende pamoja. Niliona ni mpango mzuri. Aibu, mwanangu, haikuambii “usiseme.” Ni mjanja kuliko hivyo. Inakuambia “sema kesho, utasema vizuri zaidi.”

Mvua kubwa zilikuja zikapita. Mpunga ukaweka vichwa, ukainama. Nilikuwa shambani, nimekata konzi za kwanza, niliposikia vilio kutoka ng'ambo ya migomba. Mpita njia alikuwa amemkuta baba mkwe amefariki. Kumbe alikuwa ameugua kifua siku nne, peke yake, na watu hawakujua, maana watu walikuwa wameacha kupita kwake. Mimi niliyeishi karibu kuliko wote nilikuwa nimesikia kikohozi kikizidi, nikafanya kile nilichofundishwa kufanya nikisikia kikohozi cha baba mkwe. Nilijificha.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekwisha kuzaa vitukuu.

Siku ya mazishi nilikaa nyuma kabisa na wanawake, khanga usoni. Jeneza lilikuwa uani, wazi. Sijui nani aliniinua. Nilisimama nikapita katikati ya watu, nikasikia mmoja anasema “Haruhusiwi,” na Mama Lugano, ndiyo, Mama Lugano yuleyule, akamjibu, “Mwacheni.” Nikafika. Nikaondoa khanga usoni. Nikamtazama baba mkwe wangu kwa mara ya kwanza.

Alikuwa na paji la uso la Gwamaka. Na nyusi za Gwamaka, zile zinazokutana katikati. Miezi yote ile nilikuwa nimeubeba uso wake mgongoni kwangu.

“Tata,” nikasema, yaani baba. Sauti ilitoka kubwa, sikuijua kuwa ni yangu. “Tata, ndaga fijo, asante sana. Huyu baba hakuniambia neno hata moja, baya wala zuri. Hakuwahi kunitazama. Alinilisha. Alimlisha mtoto huyu. Alinipalilia shamba. Mliniuliza nikanyamaza. Mwenye kosa ni mimi.”

Pale uani hapakuwa na aliyecheka. Kile kicheko nilichokiogopa tangu kisimani hakikuwepo. Mama Lugano aliketi chini kwenye vumbi akafunika uso wake. Mzee Asegelile alinikaribia, akaniuliza, “Kwa nini hukusema, mwanangu? Siku ile nilipokuuliza?”

Nilimjibu kwamba niliogopa kuchekwa.

Mzee Asegelile akawageukia wabebaji. Walikuwa wamejiandaa kumpeleka makaburini moja kwa moja, kama anavyopelekwa mtu aliyetengwa. “Mpitisheni kanisani,” alisema. “Mwekeni mbele, karibu na meza.” Ndivyo baba mkwe wangu alivyorudi kanisani. Aliingia akibebwa.

Mpunga ulikubali. Sikurudi Ipyana, na Gwamaka nilimlea mwenyewe, na leo ana watoto wake. Ambakisye alirudi mwaka uliofuata, bila mabati. Nilimweleza yote. Alikaa kaburini kwa baba yake kuanzia asubuhi mpaka jua likaelekea kuzama, na tangu hapo hakupanda tena lori la mtu. Tuliishi vizuri kwa kadiri tulivyoweza, lakini kulikuwa na mtu tuliyemkosea sote wawili, na sote tulichelewa.

Sasa, mwanangu, ninachotaka ushike ni hiki. Shida itakuja, maana haina mlango isioujua. Ikija, usimpimie Mungu namna ya kukutunza. Mimi nilitaka nimwone, naye akanitunza kwa mtu ambaye hata kumtazama sikuruhusiwa. Kabla hujasema amekusahau, angalia chunguni mwako kuna nini, uulize kimetoka kwa nani. Mungu hamtupi mja wake, lakini mara nyingi humwinua kwa mikono ya mtu, na mtu yule ana jina, ana kifua kinachougua, ana moyo unaoumia akisingiziwa. Faraja uliyoipokea ni deni la ushuhuda. Ukiona aliyekutendea mema anachafuliwa, usingoje mpunga uive. Simama siku hiyohiyo, hata sauti ikitetemeka, hata wakicheka. Na heshima yoyote inayokuzuia kusema kweli ili kumwokoa mwenzako, ivue. Ni woga umevaa nguo za heshima.

Mungu wa baba zetu akulinde shambani na safarini. Akupe riziki hata kwa mkono usiouona, akupe macho ya kuutambua mapema, na kinywa kisichochelewa. Asikuonjeshe majuto yangu. Amina.

Nawaomba mliosoma mpaka hapa mniandikie, hata mistari miwili. Msiogope mwandiko, mmekwisha kuuona wangu. Niambieni ni nani aliyewatunza mlipodhani Mungu amewaacha. Lakini kama mtu huyo yu hai bado, mimi naweza kungoja. Anzeni na yeye.